Jinsi ya Kumjibu Mkana Mungu Bila Kumwongezea Sababu

Mwongozo huu ni wa Mkristo mwema, mlipa fungu la kumi, aliyefikwa na mkasa huu: mtu amesema hadharani kwamba hakuna Mungu. Amesema kwenye televisheni, au Facebook, au, lililo baya zaidi, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, katikati ya salamu za Jumapili asubuhi na picha ya waridi lenye mstari wa Zaburi. Wala hana haya. Ameandika kwa jina lake kamili, na chini akaongeza kwamba mwenye swali aulize.

Hatua ya kwanza ni kuvuta pumzi. Kisha toka nje uangalie kama jua limechomoza. Ukilikuta mahali pake, rudi ndani: Mwenyezi Mungu amepata habari na hajabadili ratiba. Ni hatua fupi, lakini wengi huiruka, wakaanza kuandika majibu huku mikono inatetemeka, kana kwamba Muumba wa mbingu na nchi amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi na wao ndio walioshika mtungi wa oksijeni.

Ukishatulia, uliza adui wako ni wangapi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliandikisha watu 755,750 wasio na dini, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Hawafiki wawili katika kila mia. Sensa ya 2009 ilikuwa imewapata zaidi ya 900,000, kwa hiyo kwa vitabu vya serikali wanapungua, na ungeweza kwenda kulala. Mimi hesabu hiyo naitilia shaka kidogo. Karani wa sensa ameketi sebuleni na kishikwambi chake mapajani, chini ya picha ya Karamu ya Mwisho. Mama mwenye nyumba amesimama na birika la chai. Karani anafika kwenye swali la dini, anamgeukia kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu. "Andika Mkristo," anasema mama, kabla kijana hajafungua kinywa. Karani anaandika. Chai inamiminwa.

Kwa hiyo huyu wako aliyesema hadharani ana sifa moja ambayo hata kwenye safu za mbele kanisani haipatikani kirahisi: hakudanganya. Liweke hilo akilini, litakufaa mbele.

Sasa mkono utaanza kuwasha. Utataka kumtupia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 14, ule unaomtaja mpumbavu na anayoyasema moyoni. Kila Mkristo aliyewahi kubishana na mkana Mungu ameutumia, na mkana Mungu ameupokea mara nyingi hata anaujua kwa ghibu kuliko mwenyekiti wa kwaya. Utume kama ni lazima, ila timiza kwanza masharti mawili.

Sharti la kwanza, soma Zaburi yote. Ni mistari saba tu, haimalizi hata kikombe cha uji. Utakuta kwamba mtunga Zaburi hakuwa akimlalamikia mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa akiwalalamikia wanaowala watu wa Mungu kama mtu alavyo mkate, na wanaolitia aibu shauri la mnyonge. Tena mpumbavu huyo aliyasema moyoni. Mdomoni pengine alikuwa muumini hodari. Kwa kipimo hicho, mpumbavu wa Zaburi anaweza kuwa yule mheshimiwa aliyeketi kiti cha mbele siku ya harambee, na bahasha yake ikapokelewa kwa vigelegele bila kuulizwa ilikotoka. Ndiyo maana Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipokataa fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa moja la Kikatoliki jijini, baadhi ya waliompigia makofi kwa nguvu walikuwa watu ambao hawajakanyaga kanisani miaka mingi. Zaburi ya 14 ilikuwa imehubiriwa bila kunukuliwa.

Sharti la pili, fungua Mathayo sura ya 5, mstari wa 22, uone Yesu alisema nini juu ya mtu anayemwita ndugu yake mpumbavu. Kuna moto umetajwa pale, na haukuwashwa kwa ajili ya wakana Mungu. Ukishamaliza, bonyeza kitufe cha kutuma, kama bado una moyo.

Kuhusu moto, kuna aina ya jibu linaloanza na "Shindwa!" na kuishia na "subiri siku yako ya kufa." Waandishi wake hudhani wanafuata nyayo za mitume, na kwa kweli wanazifuata. Yakobo na Yohana walitaka kuagiza moto kutoka mbinguni uteketeze kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana wao. Luka 9. Yesu aliwakemea wale wawili, kijiji akakiacha salama, wakaenda kulala kijiji kingine. Anayetaka kufuata nyayo azifuate mpaka kwenye kukemewa.

Hatua inayofuata (namba nimeziacha; mhubiri anayetangaza pointi saba huishiwa na muda kwenye ya tatu) ndiyo ngumu kuliko zote, nami nitaikalia. Ni kukizuia kidole chako kisisambaze ule ujumbe unaoitwa "Watu Waliomdhihaki Mungu na Yaliyowapata". Unaujua. Umeupata kwa Kiswahili, ukaupata kwa Kiingereza, ukaupata umesomwa kwa sauti nzito juu ya kinanda cha huzuni, na mwisho wake unaambiwa uutume kwa watu kumi kabla ya usiku wa manane. Ni silaha pendwa. Shida yake ni kwamba mkana Mungu naye ana intaneti.

Tuanze na John Lennon. Ni kweli kwamba mwaka 1966 alisema Beatles wamekuwa maarufu kuliko Yesu, na ni kweli kwamba alipigwa risasi New York. Ila hiyo ilikuwa Desemba 1980. Miaka 14! Hata kesi zetu za mashamba kuna zinazoamuliwa mapema kuliko hivyo. Jambo ambalo ujumbe haukwambii ni kwamba aliyempiga risasi, Mark Chapman, alikuwa ameokoka ujanani, na maneno yale juu ya Yesu yalikuwa yamemkera. Sasa uchukue ushuhuda huo uniambie ni wa upande gani.

Halafu kuna rais wa Brazil, Tancredo Neves, anayedaiwa kujigamba kwamba akipata kura 500,000 za chama chake, hata Mungu hatamwondoa. Kweli alifariki mwaka 1985 kabla ya kuapishwa, akiwa mgonjwa, na nchi nzima ikimwombea. Lakini Neves alichaguliwa na jopo la wapiga kura, wengi wao wabunge, wasiofika hata 700. Kura nusu milioni angezitoa wapi? Mkana Mungu atakuuliza swali hilo, nawe utabaki unakuna kichwa.

Na Titanic, bila shaka. Ujumbe unasema aliyeijenga alitamba kwamba hata Mungu hawezi kuizamisha, Mungu akasikia. Aprili 1912 watu zaidi ya 1,500 walikufa katika maji ya barafu. Miongoni mwao alikuwamo Padre Thomas Byles, aliyekataa kupanda mashua ya kujiokolea, akabaki akiungamisha watu na kusali nao sitaha ikizama. Alikuwamo John Harper, mchungaji wa Kibatisti aliyekuwa safarini kwenda kuhubiri katika Kanisa la Moody, Chicago. Bruce Ismay, mwenyekiti wa kampuni iliyomiliki meli ile, aliingia kwenye mashua na akaishi mpaka 1937. Kama ile ilikuwa hukumu kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja, basi ilipotea njia vibaya, na anayeisambaza ndiye anayemdhihaki Mungu kwa kumsingizia shabaha mbovu.

Ukikosa hiyo utashawishika kutuma ile ya Darwin kutubu kitandani. Darwin alifariki 1882. Hadithi ilichapishwa Marekani 1915, kutoka kwa mama mmoja wa Kiingereza aliyejulikana kama Lady Hope. Mwaka 1922 binti yake Darwin, Henrietta, aliandika kwamba yeye ndiye aliyekuwapo baba yake akikata roho, na huyo mama hakuwapo. Ama ile ya mwanafunzi aliyemwaibisha profesa wake mkana Mungu darasani kwa hoja ya giza na mwanga, na mwisho unaambiwa mwanafunzi huyo alikuwa Albert Einstein, tafadhali iache kabisa. Einstein hakumwamini Mungu anayesikiliza sala za mtu mmoja mmoja, na katika barua aliyoiandika 1954 alilieleza jina la Mungu kuwa zao la udhaifu wa binadamu. Umemwita mahakamani shahidi wa upande wa pili, tena umemlipia nauli.

Ipo amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Ni ya tisa, au ya nane kama wewe ni Mkatoliki. Haina kifungu kidogo kinachosema "isipokuwa kwenye WhatsApp, kwa nia njema."

Sasa tuje kwa wale ambao hawatumi ujumbe, wanatuma mawakili. Mtu akisema hakuna Mungu, wao hukimbilia serikalini ikamnyamazishe. Hapa Kenya njia hiyo imeshajaribiwa. Februari 2016 chama cha Atheists in Kenya kilipata cheti cha usajili, rais wake akiwa Harrison Mumia. Mbingu hazikuanguka. Kilichofuata ni malalamiko, na kufikia Aprili Msajili wa Vyama alikuwa amekisimamisha. Mwanzoni mwa mwaka uleule, Mwanasheria Mkuu alikuwa ameleta rasimu ya kanuni za kusimamia mashirika ya dini, zenye mambo kama wahubiri kuwa na vyeti vya mafunzo ya theolojia. Viongozi wa dini walisimama kidete. Walisema serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, imani haiombewi kibali kwa karani, na Katiba iheshimiwe. Walisema vizuri sana, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza kanuni zile ziwekwe kando. Ibara ya 32 ya Katiba, waliyoishika mkononi Januari, inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni wa kila mtu. Aprili ilipofika, ibara ilikuwa ileile. Sikumsikia mhubiri hata mmoja akiisoma kwa niaba ya wakana Mungu.

Kwa hiyo mwongozo ni huu: kabla hujaandika barua ya malalamiko kwa Msajili, jaribu kuisoma kwa sauti ukiwa umepiga magoti. "Ee Mungu mwenye nguvu zote, uliyeigawa Bahari ya Shamu, tunakuarifu kwamba tumekuombea ulinzi wa ofisi ya serikali." Ukiweza kufika Amina bila kucheka, peleka. Jirani zetu Watanzania wana Katiba inayoitaja Jamhuri yao waziwazi kuwa nchi isiyo na dini, na Jumapili utakosa kiti kanisani Dar es Salaam kama ulivyokikosa Nairobi.

Tena kabla ya kupiga kelele kwamba wakana Mungu waondolewe mjini, jua kwamba kelele hiyo ni ya zamani na iliwahi kupigwa dhidi yetu. Wakristo wa kwanza hawakuwa na sanamu wala hekalu, na miungu ya Rumi hawakuitolea sadaka, kwa hiyo jirani zao waliwaita wasioamini Mungu. Justino aliyekufa shahidi ilimbidi aandike utetezi rasmi juu ya shtaka hilo. Na karibu mwaka 155, huko Smirna, mji unaoitwa Izmir siku hizi, mzee Polikarpo aliletwa uwanjani, akaambiwa ataachiliwa akitamka tu kwamba wakana Mungu waondolewe. Yaani awakane Wakristo wenzake. Mzee akaugeukia umati uliojaza viti, akaupungia mkono, akatamka hayohayo. Wakamchoma. Nadhani ndiye Mkristo wa mwisho aliyelitumia neno hilo hadharani kwa ucheshi, na alilipia.

Baada ya hayo kuna uwezekano mdogo kwamba mkana Mungu wako atakuuliza swali. Hapa Wakristo wengi hujiandaa kwa jambo lisilokuja. Wanakariri hoja ya saa na mtengeneza saa, wanapitia habari za jicho la mwanadamu, wanamwazima Pascal na dau lake. Kisha kijana anauliza kuhusu pasta. Anauliza kuhusu yule mhubiri wa Nairobi aliyeanikwa na televisheni mwaka 2014 akiosha watu miguu kwa maji yanayogeuka mekundu, kazi iliyofanywa na potasiamu pamanganeti, na mbegu ya kupanda ilikuwa shilingi 310. Anauliza kuhusu Shakahola.

Kwenye Shakahola, ucheshi wa mwongozo huu unasimama. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi kuanzia Aprili 2023, mingi ikiwa ya watoto, watu walioambiwa wafunge kula wakutane na Yesu. Mtu akikuuliza Mungu alikuwa wapi, usikimbilie kusema wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Walikuwa na Biblia. Waliimba nyimbo unazoziimba. Wengi walitoka makanisa ya kawaida kama lako, na aliyewaongoza alikuwa akihubiri bila mtu kumdai cheti, uhuru ambao tulikuwa tumeupigania.

Ukitaka mfano wa kufuata, wapo marafiki wa Ayubu. Walipomwona katika hali yake waliketi naye chini siku saba, hakuna aliyesema neno. Hadi hapo walikuwa wachungaji bora kuliko wengi wetu. Siku ya nane wakaanza kumtetea Mungu. Walimtetea sura baada ya sura, kwa hoja nzuri, zenye utaratibu, huku Ayubu akilalamika na kumdai Mungu majibu. Mwisho wa kitabu, sura ya 42, Mungu anazungumza, na hasira yake inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili. Juu ya mawakili wake! Anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, yule aliyelalamika. Kisha anawaagiza waende kwa Ayubu awaombee. Ningekuwa na uwezo ningeibandika sura hiyo juu ya kila kipaza sauti nchini.

Petro naye aliagiza tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu. Ni 1 Petro 3:15, na nusu hiyo ya mstari kila mtu anaijua. Nusu ya pili, inayotaja upole, huwa imefunikwa na kidole cha anayesoma.

Sasa maombi. "Nitakuombea" ni maneno mazuri yanayoweza kusemwa kwa meno yaliyokazwa. Mkana Mungu anazijua namna zote mbili na anazitofautisha kabla hujafunga mdomo. Maombi mabaya kuliko yote ni yale ya mezani yenye mlengwa. Nimewahi kuyasikia, siku ya Krismasi, nyumba ya watu, kuku na chapati zikiwa tayari mezani na vizazi vitatu vimeshikana mikono. Baba mdogo akaombwa abariki chakula. Akaanza vizuri, na viongozi wa taifa, na wasafiri barabarani. Kisha sauti ikashuka.

"Baba, wewe unawajua watoto wako mmoja mmoja. Unamjua hata yule ambaye karo yake, Bwana, tuliuza ng'ombe, yule mwekundu wa maziwa, ukiwa shahidi. Na leo, Baba, anatuambia dunia hii ililipuka yenyewe."

"Amina!" wakaitikia kina mama kwa nguvu, wakitumaini amefunga. Hakufunga. Aliingia kwa Nebukadneza aliyekula majani kama ng'ombe, akatoka kwa mwana mpotevu. Watoto walikuwa wamefumbua jicho moja moja, wanalinda mapaja ya kuku. Kijana mwenyewe alisimama ameinamisha kichwa, mikono mbele, kama alivyofunzwa na watu walewale. Amina ya kweli ilipofika, chapati zilikuwa zimekauka ukingoni. Shangazi yake akachukua sahani, akamwekea paja kubwa kuliko yote, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kula, mwanangu. Baba yako mdogo akishika maombi hana breki." Kijana akacheka. Mchana kutwa akakaa jikoni na shangazi, akimenya vitunguu vya jioni, wakizungumza. Yaliyozungumzwa huko baba mdogo angeyalipia ng'ombe wa pili ili ayasikie.

Yesu alishatoa utaratibu wa maombi kama hayo: ingia chumbani, funga mlango. Mathayo 6. Hakuna palipoandikwa kwamba anayeombewa lazima asikie.

Na mkana Mungu wako akiwa amefiwa, akasimama kaburini akasema hataonana na mama yake tena, usimnyang'anye kipaza sauti kurekebisha mafundisho. Mpe kiti. Mpe maji.

Na ukishajibu yote kwa upole, ukubali kwamba huenda usishinde. Paulo alipohutubu Athene, mbele ya watu wenye elimu yao, aliwanukulia washairi wao wenyewe, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa amewasoma. Matokeo yameandikwa mwishoni mwa Matendo 17: wengine walimcheka, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, wachache wakaamini, Dionisio na mwanamke aitwaye Damari wakiwamo. Paulo akaondoka zake kwenda Korintho. Hakutaka Areopago ifungwe.

Nimeacha mfano bora wa mwisho kwa sababu unaumiza kidogo. Mwishoni mwa Mei 2021, katibu wa kile chama cha wakana Mungu, aliyekitumikia kwa takriban mwaka mmoja na nusu, alijiuzulu. Sababu aliyotoa ni kwamba amempata Yesu Kristo. Kenya nzima ilicheka na kushangilia, na Wakristo tulisambaza habari ile kwa furaha ambayo kwa mara moja ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini soma walivyojibu wenyewe waliofiwa. Chama kilitoa taarifa, kikamshukuru kwa utumishi wake, kikamtakia kila la heri katika uhusiano wake mpya na Yesu Kristo, na kikatangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi. Hakuna aliyemwita msaliti, wala aliyemkumbusha ng'ombe. Walikuwa wamepoteza kiongozi kwa upande wa pili, mbele ya taifa zima, na wakaandika aya chache za watu waliolelewa vizuri.

Sasa geuza kibao. Katibu wa baraza la wazee katika ushirika wenu, au mweka hazina wa jumuiya ndogondogo, anajiuzulu kwa sababu haamini tena. Kwa faida ya makanisa yasiyo na mfano wa barua, hili hapa tangazo la kusomwa Jumapili baada ya ibada, kabla ya lile la mkesha:

"Tunaarifu ushirika kwamba katibu wetu amejiuzulu, kwa kuwa haamini tena kwamba Mungu yuko. Alikuwa mwaminifu kwetu alipokuwa nasi, na amekuwa mwaminifu alipoondoka. Tunamtakia kila la heri. Asitukanwe sokoni wala kwenye simu. Mama yake asiulizwe alikosea wapi. Harusi ya dada yake mwezi ujao iko palepale, naye ndiye msimamizi wa usafiri. Nafasi ya katibu iko wazi. Mwombaji ajue kuandika muhtasari."

Ruhusa ya kunakili imetolewa. Peleka nakala kwa mchungaji wako wiki hii, angali ana nafasi ya kuisoma kwa utulivu, kwa sababu huyo katibu anaweza kuwa ameshaiandika barua yake ya kujiuzulu na anangoja tu aone mtamjibu vipi.